Masale Sebuleni

Majani ya mgomba yaliyokauka hayakunjiki mpaka yalowekwe. Dominika aliyaloweka kwenye beseni tangu asubuhi, akayatoa moja moja, akayafuta kwa kanga kuukuu na kuyalaza chini ya jiwe la kusagia ili yanyooke. Mchana alivuta kigoda mlangoni pa jiko, akaanza kuyachana vipande vyembamba vya upana wa kidole. Nyota moja ilitaka vipande vinne. Unavikunja katikati, unapitisha kimoja ndani ya mwenzake, unavuta mpaka vikaze, halafu ncha unazirudisha nyuma na kuzikata kwa mkasi. Pembeni yake walishalala malaika wa maganda ya mahindi, na mipira ya vipande vya kitenge iliyobandikwa buni kwa gundi ya uji wa ngano. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Kilichomchosha ni aliyeiagiza.

Aliyeiagiza ni Pamela, au Mama Ronald, mke wa shemeji yake Wenseslaus. Pamela alikuwa ameona kwenye simu mti wa Krismasi uliopambwa kwa vitu vya asili vitupu, na tangu hapo mapambo yake ya plastiki yakamtoka rohoni. Akawa anapiga simu kutoka Dar karibu kila siku. "Mama Esther, wewe ndiye uko kijijini," alisema, "majani yamekuzunguka tu, fanya fanya hapo uniandalie." Dominika alijibu kwamba pia amezungukwa na kahawa isiyochumwa na mbuzi wasiokatiwa majani. Pamela akasema mtandao unasumbua, hasikii vizuri.

Hata hivyo alikubali, kwa sababu moja tu. Mwaka huu alitaka Wenseslaus akae chini waongee habari ya mpaka, na aliona kwamba mtu uliyempambia sebule yake hatakuwa na uso wa kukukwepa. Kwa upande wa uso wa Wenseslaus alikosea.

Habari ya mpaka ilikuwa hivi. Rogath, marehemu mume wa Dominika, na mdogo wake Wenseslaus waligawiwa vihamba viwili, mashamba ya urithi yaliyopakana huko Kibosho, migomba na kahawa, barabara ikiwa chini yao. Katikati ulisimama mstari wa masale, ule mmea wa majani marefu membamba ambao Wachagga huupanda mpakani na kaburini. Rogath alipoona ugonjwa umemzidi aliita ukoo, akasema mbele ya watu wazima wenye akili timamu kwamba kila kilichopo upande wake mpaka kwenye masale ni cha Esther, mtoto wake wa pekee. Wote walisikia. Walikunywa na mbege, pombe ya ndizi, juu ya maneno hayo.

Baada ya mazishi Wenseslaus akajenga nyumba. Alianzia upande wake vizuri kabisa, jiko na vyumba vya kulala, lakini ilipofika zamu ya sebule ikaonekana sebule anayoitaka ni kubwa kuliko ardhi aliyonayo. Masale yaling'olewa kwa jembe siku ambayo Dominika yuko sokoni. Aliporudi alikuta msingi umeshamwagwa zege. Alipouliza, Wenseslaus alimjibu kwa upole mwingi kwamba mambo ya ardhi si ya kuongea wima, wataongea Krismasi wakiwa wote. Krismasi ilipofika palikuwa na misa, palikuwa na mbuzi, palikuwa na wageni, halafu palikuwa na gari linaloelekea Dar. Wakasogeza mpaka Pasaka. Pasaka Pamela aliumwa jino. Miaka iliyofuata ikawa hivyo hivyo, ila jino lilikuwa jingine.

Esther mwenyewe alikuwa amepanga chumba Pasua, mjini Moshi, na cherehani yake imekaa kwenye kibaraza cha watu. Kile kipande kilichomezwa na sebule ndicho pekee cha baba yake kilichogusa barabara. Hapo ndipo alipokusudia kujenga vyumba viwili na duka la ushonaji. Wenseslaus alipoambiwa hivyo alicheka, akasema binti ataolewa, ardhi ataikuta huko. Esther alikuwa amevuka miaka thelathini na hakuwa anasubiri kuolewa na mtu yeyote.

Pamela na mumewe walifika wiki ya Krismasi gari likiwa limejaa. Pamela hakunywa hata chai, alikuja moja kwa moja kuona mapambo. Aliyashika, akayageuza, akasema ni mazuri sana, kisha akakunja uso.

"Sasa huu uzi mweupe, Mama Esther. Kama wa kushonea kidonda. Huna kitu cha kijani?"

Macho yake yakaangukia nyuma ya zizi la mbuzi, ambako masale yalikuwa yamesimama mabichi, yanang'aa. Yalikuwa ni yale yale ya mpakani. Dominika aliyaokota yalipotupwa, akayachomeka hapo ovyo ovyo kwa hasira, na kwa kuwa isale halina desturi ya kufa, yalishika.

"Hayo hapo! Fungia hayo. Kila pambo na kifundo chake, majani yaning'inie hivi."

"Isale si utepe, Mama Ronald," Dominika alisema. "Ukifunga fundo jani la isale ukampelekea mtu, umemwambia umemkosea, unaomba msamaha. Na yeye hawezi kukataa. Hatuchezei."

"Jamani, ni jani tu! Mimi nimekulia Dar, hayo mambo kwangu hayapo. Na wageni wanakuja kesho."

Dominika alimtazama. Angeweza kubishana mpaka jioni, na nyota zilikuwa bado hazijafungwa. Akachukua kisu, akaenda nyuma ya zizi. Alifunga kila pambo kwa jani la isale, fundo moja moja, huku akinung'unika kwa Kichagga maneno ambayo Pamela hakuyaelewa, na ilikuwa heri.

Akayapanga kwenye ungo na kuyapeleka mwenyewe. Wenseslaus alikuwa sebuleni anaongea na simu. Aliupokea ungo kwa mikono miwili, simu akiibana kwa bega, akatikisa kichwa kushukuru. Kwenye kochi kubwa alikaa Mzee Jacob, baba mdogo wa kina Rogath na mkubwa wa ukoo kwa sasa, aliyekuja kusubiri supu. Dominika alimwamkia shikamoo. Mzee akaitikia marahaba, akautazama ungo na vile vifundo vya kijani kwa muda mrefu, kisha akauliza supu imefikia wapi.

Mti ulikuwa msaiprasi mchanga uliosimikwa kwenye ndoo ya mchanga katikati ya sebule. Pamela aliupamba pande zote kwa mpangilio mzuri, akapiga picha. Asubuhi alikuta mapambo yote yamehamia upande mmoja, upande wa mashariki. Magharibi hapakubaki hata malaika mmoja. Mti ulikuwa umeinama kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kwa mkono mmoja.

Pamela alikasirika. Aliyarudisha yote mahali pake, akaenda kuoga, akarudi akakuta yamehama tena. Alimwita mumewe, ambaye alisema ni gundi. Waliuzungusha mti ili upande uliolemewa ukae magharibi, na mapambo yakapita kati ya matawi taratibu, bila kugongana, yakarudi mashariki. Ikabidi Dominika aitwe ayarekebishe, kwa kuwa ndiye fundi.

Dominika alisimama mlangoni, akaangalia.

"Hayajaharibika," alisema. "Yamehamia kwangu."

"Kwako wapi?"

"Upande ule ni kwangu. Mpaka unapita hapo kwenye ndoo."

"Yawe kwako yasiwe kwako, mimi nina wageni," Pamela alisema. "Nisaidie tuusogeze mti."

Waliubeba mpaka pembeni kabisa, karibu na mlango wa vyumbani, mahali ambapo hata Dominika alikubali kuwa ni kwa Wenseslaus. Mapambo yalikaa kwenye mti huo kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Kisha yakaanza kushuka. Nyota zilitangulia, zikitembea kwa ncha zao, wakafuata malaika, mipira ya buni ikabingirika mwisho kwa sababu ilikuwa mizito. Yalijipanga kwenye vigae, moja nyuma ya jingine. Mstari ulianzia kwenye mlango wa jiko, ukapita chini ya meza ya chakula, ukaingia chini ya kochi kubwa, ukatokea upande wa pili na kuishia kando ya televisheni. Ulikuwa umepinda kidogo katikati, pale ambapo zamani palikuwa na jiwe.

Wenseslaus alisimama akiutazama mstari huo. Aliujua. Utoto wake wote alikuwa akiuruka kwenda kuiba mapera kwa babu yake, na pale penye jiwe ndipo alipovunjikia mkono. Alikwenda jikoni akaleta ufagio.

Alifagia mstari wote, akajaza kwenye mfuko wa rambo, akaufunga na kuuweka stoo. Alipogeuka alikuta nyota zinatoka chini ya mlango wa stoo. Akafagia tena. Awamu ya tatu ufagio uligoma: mapambo yalikuwa yameng'ang'ania sakafu, kwa sababu vifundo vya isale vilikuwa vimetoa mizizi kwenye nafasi kati ya kigae na kigae.

Mkesha wa Krismasi, Esther alipopanda kutoka mjini, masale yalikuwa yamefika magotini. Vigae vilikuwa vimeinuka na kuegemeana. Kochi kubwa lilikuwa limetobolewa, na majani manne ya kijani yalichungulia katikati ya mito. Nyota na malaika walikuwa bado wameshikilia kwenye mashina, safi, hawajakunjika.

"Mama," Esther alisema, "masale yamerudi."

"Nimeyaona."

"Yamepita pale pale."

"Yangepita wapi?"

Wenseslaus alimpigia simu Hafidhi, fundi vigae wa Njoro, ambaye ndiye aliyeitandika sakafu ile. Hafidhi alikuja na pikipiki, amekasirika, kwa kuwa kuna watu wengine chungu nzima waliomtaka amalize kazi zao kabla ya sikukuu. Hakushangaa. Alipiga magoti, akachimbua shina la kwanza na mizizi yake yote, akaliweka pembeni. Alipochimbua la pili, la kwanza lilikuwa limeshaota jingine mahali pake. Alijaribu na shoka, akajaribu na petroli kidogo. Mwishowe akajifuta jasho.

"Bosi, mimi ni fundi vigae, si mkulima. Haya hayatoki."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nikate vigae viyazunguke. Nitapiga na ukingo wa marumaru. Itakuwa kama ulikusudia."

Wenseslaus alifikiri, kisha akamwambia afanye hivyo. Kazi ilitoka nzuri. Hafidhi alikuwa mtu wa kulalamika lakini mkono wake ulikuwa safi, na hata pale mstari ulipopinda alikata kigae kikafuata bila kuacha mwanya. Pamela alikuja akaangalia, akasema kwamba kwa kweli imependeza kuliko mti. Msaiprasi ukatupiwa mbuzi. Taa za rangi zikazungushwa kwenye masale.

Ukoo ulikusanyika siku iliyofuata Krismasi, kama kawaida. Walijaa sebule nzima, wengine kutoka Dar, wengine Arusha, wengine nyumba ya tatu tu. Kila aliyeingia aliinua mguu akaruka masale, akatafuta pa kukaa. Wanawake waliopitisha mabakuli ya mtori waliwaambia walioko upande wa pili wanyooshe mikono. Watoto waligombezwa wasichume nyota. Shangazi mmoja aliuliza kama hii ni fasheni mpya, Pamela akasema ndiyo, vitu vya asili.

Dominika alisubiri mpaka nyama ikaliwa, kwa sababu wanaume wa ukoo huu hawasikii wakiwa na njaa. Wakishashiba pia hawasikii vizuri, lakini hakukuwa na wakati mwingine. Akasimama. Esther alisimama pamoja naye.

"Baba," alimwambia Mzee Jacob, "Krismasi nne sasa naambiwa tutaongea. Leo tupo wote. Mimi sina maneno mengi. Mpaka wa Rogath si huu hapa? Kuna mtu asiyeuona?"

Watu walitazama chini. Waliuona wote, wengine walikuwa wameuegemea.

"Tunauona," alisema Mzee Jacob. "Ni ule ule. Hata kona ya jiwe ipo."

"Basi upande huu ni wa mwanangu. Rogath alisema, na wewe baba ulikuwepo. Nataka neno hilo lisemwe tena mbele ya huyu."

Wenseslaus aliangalia vidole vyake. Kwa muda mfupi ilionekana kana kwamba kitu kitasemwa, na Esther akajikuta ameshika mkono wa mama yake kwa nguvu. Mzee Jacob aliweka chini kata yake ya mbege, akajifuta mdomo.

"Nina swali," alisema. "Hili isale humu ndani limeletwa na nani?"

"Nimeleta mimi, lakini kwa ajili ya mapambo. Pamela ndiye aliyetaka…"

"Lilikuwa limefungwa fundo?"

"Lilikuwa limefungwa."

"Ukamkabidhi Wenseslaus mkononi. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, nikaona kwa macho yangu." Akawageukia watu. "Aliyeleta isale ameomba msamaha. Na anayeletewa isale hakatai. Hiyo ndiyo desturi yetu, hatuwezi kuivunja leo kwa sababu ya vigae."

"Baba, aliyekosewa ni mimi!"

"Aliyekosewa haleti isale, mama. Analetewa."

Watu wakatikisa vichwa, kwa kuwa hilo lilikuwa kweli. Wenseslaus alipunguza sauti ya televisheni, akasimama, akarekebisha mkanda. Uso wake ulikuwa wa huzuni na upole, uso wa mtu anayetua mzigo alioubeba siku nyingi.

"Shemeji," alisema, "mimi sina kinyongo. Nimekusamehe."

Watu walipiga makofi. Shangazi alitoa kigelegele. Mbege ikazungushwa tena, na Wenseslaus aliruka masale akamkumbatia Dominika, ambaye mikono yake ilibaki inaning'inia.

"Amemsamehe nini?" Esther aliuliza kwa sauti. "Babu, mama yangu amesamehewa kosa gani?"

"Mjukuu wangu," Mzee Jacob alisema, akiinyanyua tena kata yake, "mtu akishasamehewa, kosa haliulizwi."

Hasira zilimpanda Dominika mpaka masikio yakaziba. Alitaka kupiga kelele, akaona kwamba hakuna aliyekuwa anapiga kelele ila yeye, na kwamba wangesema amekataa msamaha. Akabaki upande wake, akaketi kwenye nusu ya kochi iliyokuwa mashariki, akakunja mikono. Televisheni ilikuwa upande huo na kichwa chake kilikuwa mbele yake. Waliokuwa wanaangalia mpira walimwomba asogee kidogo. Hakusogea. Wakahamisha viti, wakaendelea kuangalia, na alipoinuka jua likizama kochi lilikuwa limeacha alama ya mito kwenye gauni lake la sikukuu.

Baada ya Mwaka Mpya gari lilipakiwa ndizi, maparachichi, na kuku wawili waliofungwa miguu. Wenseslaus alifunga madirisha, akafunga mlango wa mbele, akashusha geti la chuma na kuweka makufuli. Esther alimwomba aache ufunguo mmoja.

"Wa nini, mwanangu?"

"Ardhi ya baba iko ndani, baba mdogo."

"Iko salama," Wenseslaus alisema, bila ubishi. "Na isale halihitaji kumwagiliwa, mama yako anajua."

Pamela aliteremsha kioo cha gari. Alimshukuru Dominika kwa moyo wote, akasema rafiki zake wa Dar wameona picha na wote wanataka, hivyo mwakani aanze mapema kidogo, nyota ziwe nyingi zaidi. Dominika alikuwa amekwenda kusimama kwenye dirisha la sebule, kiganja kimoja juu ya kioo, anatazama ndani. Masale yalikuwa yamefika kifuani. Upande wa mashariki, kati ya kochi na televisheni, kigae kimoja kilikuwa kimeanza kuinuliwa na kitu kilichofanana na mche wa kahawa.

Pamela aliona pazia la dirisha lile halijafungwa. Alisema jua la Januari linapausha makochi, akashuka, akachukua funguo kwa mumewe, akafungua makufuli yote, akaingia. Kutoka ndani alimpungia Dominika mkono, kisha akavuta pazia mpaka mwisho.